Mbio Ambazo Fundi wa Kamwokya Atazimudu: Mapendekezo ya Kanuni za Daraja Jipya la Magari

Wasomaji wetu wa Busia, Malaba, Mutukula na Katuna wanaweza kujiuliza kwa nini somo la mipakani linaanzia Kamwokya, katikati ya Kampala. Sababu iko barabarani. Magari mengi yanayopita mikononi mwa mafundi wa Kamwokya yaliingia nchini kupitia Malaba na Busia, yakiwa yametumika kwanza Japani na kushushwa Mombasa; na tabia za madereva, kama zilivyo bidhaa, husafiri pande zote mbili za njia hiyo hiyo. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani, pale Busia, katika miaka ya 1960, waendesha baiskeli walipowavusha watu na mizigo yao kutoka kituo kimoja hadi kingine. Leo hakuna mtaa wa Kampala usiolijua neno hilo. Vivyo hivyo, kinachozuka mjini hakikawii kufika mpakani, na kinachotushughulisha safari hii ni mbio za magari zinazofanywa usiku kwenye barabara za watu wote.

Kamwokya iko kando ya Kira Road, baina ya Makumbusho ya Uganda na Bukoto, na Kituo cha Polisi cha Kira Road kiko papo hapo miongoni mwa wakazi. Mtu akishuka bondeni, nyuma ya maduka yanayoitazama barabara kuu, atakuta gereji za kila namna. Nyingine zina paa la mabati, nyingine zina kivuli cha mwembe tu. Humo vijana hufungua injini, hubadilisha giaboksi, hufunga turbo iliyonunuliwa Kisekka, na hufanya kazi hiyo kwa ustadi ambao wengi wao hawakuupata darasani. Kazi ikiisha hubaki swali moja ambalo gereji haiwezi kulijibu: gari limeongezeka mwendo kiasi gani? Fundi hana pa kulipimia. Basi husubiri saa ambazo barabara zimepungua watu, akapitia Bukoto na Kisaasi hadi Northern Bypass, na huko akamkuta mwenzake mwenye swali hilo hilo.

Katika mazungumzo yetu na vijana wa gereji, mmoja wao alituuliza kwa heshima kamili: “Afande, barabara mmetufungia, na ni haki yenu. Je, mtatufungulia wapi?” Hatukuwa na jibu la kumpa siku ile. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Tuseme kwanza lile lisilo na mjadala. Kushindana kwa magari katika barabara ya umma ni uendeshaji wa hatari, hata kama usiku ule hakuna aliyeguswa, na Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inamwadhibu anayefanya hivyo. Takwimu za Polisi ya Uganda zinaonyesha kwamba watu 4,806 walipoteza maisha barabarani mwaka 2023, na watu 5,144 mwaka 2024. Hatudai kwamba mbio za usiku ndizo zilizowaua wote hao; wengi walikufa katika ajali za kawaida za kila siku. Lakini mwendo wa kasi na uzembe wa madereva hurudi katika taarifa zetu mwaka baada ya mwaka, na anayejifunza kushindana usiku wa Jumamosi haiachi tabia hiyo kitandani asubuhi ya Jumatatu. Mpakani hatari ni kubwa zaidi kwa namna yake. Malori yanapopanga foleni kando ya barabara ya Malaba, mtu anayevuka huchomoza baina ya matela mawili bila kuonekana mpaka amekwisha kufika kwenye lami. Dereva anayekwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 katika kila sekunde moja. Hana wakati hata wa kushangaa.

Kwa hiyo katazo linabaki. Swali ni kama katazo peke yake linatosha, na historia ya mchezo huu inatuambia kuwa halikutosha popote.

Walioanza kabla yetu

Mbio tunazozizungumzia huitwa mbio za dragi. Magari mawili husimama sambamba kwenye mstari, taa ikiwaka huondoka kwa pamoja, na hukimbia kwenye njia fupi iliyonyooka mpaka mstari wa mwisho. Hakuna kona, wala hakuna mzunguko wa pili. Kwa gari la kawaida jambo lote huisha ndani ya sekunde 20.

Huko California, baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana waliorudi kutoka jeshini na ufundi wa mitambo walikuwa wakishindana barabarani usiku, na magazeti yakawa yakiandika habari za vifo vyao. Mwaka 1950 njia ya kwanza ya kibiashara ya dragi ilifunguliwa kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana, na kiingilio kilikuwa senti 50. Mwaka uliofuata Wally Parks, mhariri wa gazeti la magari, akaanzisha chama cha NHRA kwa shabaha ya kuwaondoa vijana barabarani na kuwapa kanuni. Linalotugusa sisi askari ni kwamba polisi walikuwamo tangu mwanzo. Mashindano rasmi ya kwanza ya NHRA yalifanywa Pomona mwaka 1953, katika maegesho ya magari ya uwanja wa maonyesho, na sajini wa polisi wa mji huo, Bud Coons, ndiye aliyeongoza baadaye msafara uliozunguka miji ya Marekani ukifundisha watu namna ya kuendesha mashindano salama. Mwaka 1984 polisi wa Jacksonville, Florida, walianzisha mpango uitwao Beat the Heat, ambamo askari hushindana na vijana kwenye njia halali na kuzungumza nao kabla na baada ya mbio. Uingereza nayo iligeuza kiwanja cha ndege cha zamani za vita kuwa njia ya dragi ya Santa Pod, iliyofunguliwa mwaka 1966.

Katika habari hizi zote tunaona jambo moja ambalo wengi hulipita haraka: zile senti 50. Kijana wa Santa Ana alikuja njia halali kwa sababu ilikuwa karibu na bei yake ilikuwa ndogo kuliko faini. Siku ambayo kuingia uwanjani kungalimgharimu mshahara wa miezi mitatu, angalirudi barabarani, na kanuni nzuri zilizochapwa kwenye karatasi zisingalimzuia.

Uganda si ngeni katika michezo ya magari. Tuna Shirikisho la vilabu, FMU. Tuna Pearl of Africa Rally inayowavuta madereva wa Kenya na wa nchi nyingine jirani kila mwaka. Tuna uwanja wa motokrosi wa Garuga. Na Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari mwaka 1999. Lakini gari la rali, pamoja na vyuma vyake vya ndani, nguo zisizoshika moto, viti maalumu na gari la kulifuata lenye mafundi na matairi, ni mali ambayo fundi wa Kamwokya huitengeneza kwa ajili ya mtu mwingine. Kati ya rali na Northern Bypass hakuna ngazi. Daraja tunalopendekeza ndiyo ngazi hiyo, na kwa sasa tuliite Daraja la Gari la Kila Siku.

Fedha zitumike wapi

Kanuni mama ya mapendekezo yetu ni hii: mshiriki asilazimishwe kununua chochote isipokuwa kile kinacholinda uhai, na mwandaaji asinunue chochote cha thamani isipokuwa kile kinacholinda uhai au kinachopima muda kwa haki. Kila kanuni inayopendekezwa na mtu yeyote ipimwe kwa mizani hiyo.

Tuanze na urefu wa njia. Mbio kamili za dragi ni mita 402, yaani robo maili. Sisi tunapendekeza nusu yake, mita 201. Gari la kawaida lenye injini ya lita 1.8 hufika mwisho wa mita 201 likiwa na kilomita kama 100 kwa saa. Katika mita 402 lingekuwa linakaribia 130, na gari lenye turbo lingepita 140. Tofauti hiyo si ndogo. Kwenye lami kavu na kwa matairi mazuri, gari lenye kilomita 100 kwa saa husimama katika mita 55 hivi baada ya breki kushika. Lenye 140 huhitaji mita 110, bila kuhesabu mita zinazopita kabla mguu haujafika kwenye breki. Hata NHRA yenyewe, mwaka 2008, ilifupisha njia ya magari yake makubwa kabisa kutoka mita 402 hadi 305 baada ya dereva mmoja kufa. Ikiwa wao wenye njia za mamilioni walifupisha, sisi hatuna sababu ya kuona haya. Njia fupi pia ni rahisi kuipata: mita 201 za mbio, na mita zisizopungua 450 za kupunguzia mwendo, zote za lami, zisizo na nguzo, mtaro wala mti kando yake.

La pili, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie kwa kuwa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe, ni namna ya kumpata mshindi. Desturi ya michezo mingi ya magari ni kugawa madaraja kwa ukubwa wa injini. Desturi hiyo huzaa matajiri wa kushinda. Mwenye lita 2.0 atatafuta kichwa cha injini cha bei zaidi, mwenzake naye atamfuata, na mwandaaji atalazimika kuajiri wakaguzi wa kufungua injini ili kuwabaini wadanganyifu. Zaidi ya hayo, Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Busia vilevile. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Injini yenye turbo hupoteza kidogo tu. Daraja la ukubwa wa injini hapa kwetu lingekuwa la dhuluma tangu siku ya kwanza.

Dawa yake imejulikana kwa miongo mingi, nayo ni mbio za muda wa ahadi. Asubuhi kila dereva hufanya majaribio, akajua gari lake linakwenda vipi, kisha akatangaza muda anaoahidi na kuuandika kwa chokaa kwenye kioo cha dirisha. Tuseme Toyota Vitz imeahidi sekunde 13.20, na Subaru Forester yenye turbo imeahidi 9.80. Vitz huwashiwa taa ya kuondoka sekunde 3.40 kabla ya Subaru. Kama wote wawili watatimiza ahadi zao sawasawa na kuondoka kwa wepesi ule ule, watafika mstarini kwa pamoja. Anayeshinda ni yule aliyeiona taa upesi zaidi na aliyelijua gari lake vizuri zaidi. Na ili mtu asiahidi muda mrefu kwa hila, anayekimbia haraka kuliko ahadi yake hushindwa. Subaru ile ikipita kwa sekunde 9.74, imepoteza, hata kama ilitangulia. Wakivunja ahadi wote wawili, hushinda aliyevunja kwa kiasi kidogo. Anayeondoka kabla ya taa yake hushindwa moja kwa moja.

Tazama kanuni hii inavyoutibu mfuko. Dereva akitumia milioni kadhaa za shilingi kuongeza nguvu za injini, ataahidi muda mfupi zaidi, na mwenzake ataondoka mapema zaidi, hakuna alichonunua. Vitz ya dada anayeenda nayo sokoni siku sita za juma inaweza kuishinda Subaru ya mtu mwenye fedha, na katika njia za dragi za nchi nyingine jambo hilo hutokea kila wiki. Mkaguzi naye hana haja ya kufungua injini. Atakagua breki.

Yapo masharti machache ya kuziba mianya. Wajanja wataahidi muda mrefu, kisha wakanyage breki hatua chache kabla ya mstari ili wasivunje ahadi, na kukanyaga breki ghafla mwenzako akiwa kando yako ni njia ya kugongana. Tunapendekeza msimamizi akae mwisho wa njia, na gari ambalo taa zake za breki zitawaka kabla ya mstari lihesabiwe limeshindwa. Aidha, gari lolote litakalopita chini ya sekunde 9.00 katika mita 201 litolewe katika daraja hili. Hiyo ni sawa na sekunde 14 kwa robo maili, na kanuni za Marekani pia huanza kuongeza masharti ya vifaa kwenye mwendo wa namna hiyo. Mwenye gari hilo ametuzidi. Aende Shirikishoni akafunge vyuma vya kulinda paa.

Gari lije uwanjani likitembea lenyewe kwa matairi yake manne, liwe na namba za usajili, na liweze kurudi vivyo hivyo. Gari linalobebwa juu ya lori si la daraja hili. Matairi yawe ya barabarani, mafuta yawe ya kituo cha petroli, na gesi ya kuongeza nguvu isiwemo. Matairi laini ya mashindano ni ghali, na pia hushika lami kwa nguvu ambayo shafti ya gari la kawaida haikuundwa kuivumilia. Ikikatika, huchimba chini na kulipindua gari.

Kuhusu kile ambacho mshiriki atakinunua, orodha ni fupi kwa makusudi. Helmeti inayofunika kichwa na uso, yenye alama ya ubora na isiyo na ufa, hata kama ni ya pikipiki. Mkanda wa kiwandani ulio mzima. Nguo za pamba za mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vya kufunika, kwa sababu nailoni ikishika moto hugandamana na ngozi. Betri ifungwe kwa chuma wala si kwa kamba ya mpira. Tumeona kamba hizo, na tunazijua. Pedali ya mafuta irudi yenyewe inapoachwa. Nati zote za magurudumu ziwepo na zikazwe mbele ya mkaguzi. Kusiwe na tone la mafuta wala la maji, maana njia ikilowa ni mashaka kwa kila anayefuata. Jeki, tairi la akiba, chupa za soda na kila kilicholegea kitolewe ndani ya gari. Abiria haruhusiwi, hata kama ni mwenye gari.

Helmeti tano au sita za klabu zinaweza kuazimwa kwa zamu, kwa kuwa wanaokimbia kwa wakati mmoja ni wawili tu. Ada ya siku tunapendekeza isizidi shilingi 50,000, ambazo kwa bei za karibuni ni kama lita 10 za petroli. Zawadi iwe kikombe. Zawadi ya fedha huleta gharama, na gharama huleta ugomvi. Na kamari uwanjani ikatazwe kabisa, kwani kisa cha mbio nyingi za usiku ni dau la fedha.

Kitu kimoja cha gharama tunashauri kinunuliwe bila kunung'unika, nacho ni saa. Mbio za muda wa ahadi huamuliwa kwa sehemu za mia za sekunde, na kidole cha binadamu kwenye saa ya mkononi hukosea kwa sehemu moja au mbili za kumi. Inahitajika mitambo ya miale ya mwanga mwanzoni na mwishoni mwa njia, pamoja na taa za kuondokea. Vilabu vinaweza kuchanga na kumiliki mtambo mmoja unaozunguka, na hatuoni kwa nini wanafunzi wa uhandisi wa Makerere au Kyambogo wasiombwe kuuunda. Mpaka upatikane, madereva wapangwe kwa makundi ya wenye muda unaokaribiana, na mashindano ya ahadi yasubiri.

Watazamaji kwanza

Mwaka 2007, katika mji mdogo wa Selmer, Tennessee, palikuwa na tamasha la magari la kuchangia watoto. Dereva mzoefu wa dragi alionyesha uwezo wa gari lake kwenye barabara ya kawaida ambayo kando yake hapakuwa na kizuizi. Gari likamponyoka, likaingia katika umati. Watu sita wakafa na 22 wakajeruhiwa. Nia ya siku ile ilikuwa njema, na dereva alikuwa mzoefu. Kilichokosekana ni ukuta na umbali.

Katika nchi yetu watazamaji hupenda kusogea. Watoto hupanda miti, wengine husimama ukingoni kabisa wapate kupiga picha kwa simu. Hatutaki kanuni za daraja hili zianze na dereva na kumalizia kwa mtazamaji. Watu wakae nyuma ya mstari wa kuondokea au ubavuni mwa njia nyuma ya vizuizi vya zege, visivyo karibu na lami. Mwisho wa njia, mahali pa kupunguzia mwendo, asikae mtu. Mtu mmoja akivuka njia, mbio husimama. Gari la wagonjwa likiondoka na majeruhi, mbio husimama mpaka lirudi au lije jingine. Mitungi ya kuzimia moto iwe mwanzoni, katikati na mwishoni, na mwenye kuishika awe amefundishwa kuitumia.

Mahali ndipo pagumu. Viwanja vya ndege vya mikoani si vyote vyenye lami, na vingine hulishiwa ng'ombe. Barabara za ndani za maeneo ya viwanda, kama Namanve, siku ya Jumapili, zinaweza kufikiriwa, kwa idhini ya wenyewe na kwa kufungwa kikamilifu. Barabara ya umma yenye wakazi haifai hata ikifungwa. Na popote patakapochaguliwa, shughuli iwe chini ya chombo cha michezo kinachotambuliwa kwa mujibu wa Sheria ya Michezo ya Taifa ya mwaka 2023, si chini ya mtu binafsi mwenye spika na tiketi.

Asubuhi ya mashindano kila dereva apulizie kipimo cha pombe, kile ambacho Uganda nzima inakiita kawunyemu, tena aonyeshe leseni halali. Umri usipungue miaka 18. Jioni nayo ina kanuni yake. Saa mbili zinazofuata mashindano ndizo zinazotutia hofu zaidi, kijana anaporudi nyumbani damu ikiwa bado inachemka. Atakayekamatwa akishindana barabarani, siku hiyo au siku nyingine yoyote, afungiwe msimu mzima pamoja na gari lake.

Kwa wanaovuka mpaka

Wapo watakaokuja kutoka Kenya, Tanzania na Rwanda, na tunawakaribisha. Raia wa Kenya na Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Wa Tanzania aje na pasipoti au hati ya kusafiria. Gari lenye namba za kigeni lipate kibali cha muda mpakani na kadi ya njano ya COMESA ya bima. Hapa tahadhari: bima ya kawaida ya mtu wa tatu kwa kawaida hailipi ajali ya mashindanoni, kwa hiyo mwandaaji lazima akate bima ya siku hiyo, na mshiriki aombe kuiona. Wageni kutoka Rwanda wakumbushwe wanapotoka uwanjani kwamba huku tunaendesha upande wa kushoto. Kosa hilo hutokea mtu anapokuwa amechoka.

Jambo la injini linahitaji maneno ya wazi. Mafundi wengi hubadilisha injini bila kurekebisha kadi ya gari. Gari lenye namba ya injini isiyolingana na kadi litazuiwa Busia au Malaba kwa shaka ya wizi, na mwenyewe atakosa mashindano akieleza kituoni. Arekebishe kadi kabla ya kusafiri, na atunze risiti ya injini.

Tunajua pia hofu iliyopo Kamwokya: kwamba ukaguzi wa mashindano utakuwa mtego wa polisi. Gari la wizi likionekana litashikwa. Hatuwezi kuahidi vinginevyo, na hakuna mkazi mwema atakayetaka tuahidi. Lakini kwa kioo cheusi kupita kiasi, ekzosi yenye kelele au taa iliyovunjika, tunapendekeza mwenye gari apewe karatasi ya ushauri na siku 14 za kutengeneza, pasipo faini. Pendekezo hili limepingwa na baadhi yetu, wakisema kwamba askari hawezi kuliona kosa akalifumbia macho. Sisi tuliobaki tunaona kwamba kijana atakayetozwa faini langoni atawapigia simu wenzake kumi, na hao kumi watakuwa Northern Bypass usiku ule ule.

Mapendekezo haya bado hayajawa kanuni. Yatawekwa mbele ya vilabu na Shirikisho, na kabla ya hapo tunataka kuwasikia mafundi, madereva na wazazi wa pande zote za mpaka, pamoja na wenyeviti wa LC1. Maoni yapelekwe kwa afisa wa uhusiano wa jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu, kwa mdomo au kwa maandishi, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote ya nyumbani. Tunaomba hasa maoni kuhusu mambo mawili ambayo hatukuafikiana: hizo siku 14, na kama waendesha bodaboda, ambao tayari wanauliza, wapewe daraja lao mwaka huu au wasubiri mpaka hili la magari lionekane limesimama.